Siku sita kufuata mkuza: uzee wa uwanja wa mafuta, ukitazamwa kutoka Dodoma na Singida

Siku ya 1. Dodoma mjini – Makutupora

Visima vya mafuta vya Ziwa Albert viko Uganda, mbali na Dodoma, lakini bomba lake la kilomita 1,443 kwenda Chongoleani, Tanga, limepitishwa Singida, Kondoa na Chemba, kwenye ukanda wa ardhi unaoitwa mkuza. Tanzania, kupitia Shirika la Maendeleo ya Petroli (TPDC), ina hisa asilimia 15 kwenye bomba hilo, na bomba hulipwa kwa kila pipa linalopita. Visima hivyo vikichoka, mapato ya huku nayo yanachoka. Ndiyo maana safari ya kujifunza uzee wa mafuta inaweza kuanzia kwenye maji ya Wagogo.

Kituo cha kwanza ni Makutupora, kaskazini mwa mji, kwenye visima virefu ambavyo kwa miaka mingi ndivyo vimekuwa vikiinywesha Dodoma. Kila kisima kina vipimo viwili vya kuandika: kina cha maji pampu ikiwa imezimwa, na kina cha maji pampu ikiwa inavuta. Tofauti ya hivyo viwili ndiyo inayosema hali ya kisima. Tuseme kisima kinatoa mita za ujazo 60 kwa saa huku maji yakishuka mita 6. Miaka kadhaa baadaye kinatoa zile zile 60, lakini maji yanashuka mita 12. Anayesoma mita ya maji hataona kitu. Anayesoma bili ya umeme ataona, tena polepole. Kosa linalorudiwa kila mahali, kwenye maji na kwenye mafuta, ni kuandika kinachotoka na kuacha kuandika kilichotumika kukitoa.

Kwenye mafuta vipimo ni hivyo hivyo, ila badala ya kina cha maji hupimwa presha ya chini ya kisima, kikiwa kimefungwa na kikiwa wazi. Mwanzoni presha ya mwamba husukuma mafuta juu bila gharama kubwa. Ikishuka chini ya kiwango fulani, gesi iliyoyeyuka ndani ya mafuta huanza kujitenga, kama soda iliyofunguliwa. Gesi ni nyepesi, hukimbilia kisimani kabla ya mafuta, na mafuta yanayobaki huwa mazito zaidi. Hapo uwanja, yaani eneo zima la visima na mwamba wao, umepoteza nguvu yake ya bure. Ndiyo sababu maji hudungwa ardhini mapema kulinda presha, badala ya kungoja ishuke kwanza.

Kina cha maji cha Makutupora kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na rekodi hiyo inaonesha jambo ambalo mafuta hayana. Maji hushuka miaka mfululizo, halafu mvua kubwa za mwaka mmoja, kama za El Niño za 1997/98, huyapandisha ghafla. Mwamba wa mafuta haupati El Niño. Mstari wa uzalishaji wake ukishaanza kuteremka, juhudi zote ni za kupunguza mteremko tu.

Mteremko huo una hesabu iliyoandikwa na mtaalamu wa mafuta J. J. Arps mwaka 1945 na inatumika hadi leo. Kwa umbo lake rahisi, uzalishaji hupungua kwa asilimia ile ile kila mwaka. Ukipungua asilimia 12, mapipa 50,000 kwa siku huwa 44,000, kisha 38,700, kisha 34,100. Nusu hufikiwa baada ya miaka mitano na nusu hivi. Visima vingi huteremka kwa kasi mwanzoni halafu hutulia, na Arps aliacha nafasi ya umbo hilo pia. Tahadhari moja: namba za miezi sita ya kwanza ya kushuka hazitoshi kutabiri miaka kumi. Mkia mrefu huonekana mzuri kwenye karatasi ya mtu anayetaka kuuza.

Siku ya 2. Makutupora – Haneti – Kondoa

Barabara ya lami, mibuyu, na nyuzi joto zinazopungua kadiri unavyopanda kuelekea Kondoa. Ndani ya mkoa huu mkuza wa bomba unaikata barabara kuu ya kaskazini. Mkuza una upana wa mita 30 wakati wa ujenzi. Bomba lenyewe lina kipenyo cha inchi 24, limevikwa tabaka la kuhifadhi joto, na hufukiwa kiasi cha mita mbili chini. Anayekuja kutazama bomba ataondoka ameona ukanda wa udongo uliosawazishwa na alama zake. Kwa ardhi ya Kondoa udongo huo ndio wa kuangaliwa. Hapa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973 kwa sababu makorongo yalikuwa yakila mashamba, na mtaro uliofukiwa vibaya kwenye mteremko hugeuka njia ya maji msimu wa kwanza tu.

Swali la leo ni kwa nini bomba linapashwa joto. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Kwenye joto la kawaida la chumba huganda kama samli ya asubuhi. Kwa hiyo yanatakiwa kusafiri yakiwa na nyuzi 50 hivi za sentigredi, na nyaya za umeme zimelazwa kando ya bomba kwa kazi hiyo.

Hesabu inayofuata inafaa kufanywa kwa kalamu. Chukua kipenyo cha ndani sentimita 58 na urefu wa kilomita 1,443: bomba likijaa linameza mapipa milioni 2.4 hivi. Likisukuma mapipa 240,000 kwa siku, karibu na kilele lililobuniwa kubeba (246,000), pipa linaloingia Hoima linatoka Tanga baada ya siku 10. Likisukuma 60,000, pipa lile lile linakaa njiani siku 40. Joto linalopotea ardhini kwa siku halipungui sana kwa sababu tu mtiririko umepungua, kwani linategemea urefu wa bomba na tofauti ya joto na udongo. Tena mtiririko mkubwa hujipasha wenyewe kidogo kwa msuguano, na mtiririko mdogo hukosa msaada huo. Umeme wa pampu utashuka, ndiyo, lakini wa kupasha joto utabaki pale pale na kugawanywa kwa mapipa machache. Uwanja unavyozeeka, pipa linazidi kuwa ghali hata mahali ambapo halichimbwi.

Haya si ya kubuni. Bomba la Alaska, linalobeba mafuta ya uwanja wa Prudhoe Bay na majirani zake, lilianza kazi mwaka 1977 na mwaka 1988 lilikuwa likipitisha zaidi ya mapipa milioni 2 kwa siku. Sasa ni chini ya 500,000. Safari iliyokuwa ikichukua siku nne na nusu imevuka wiki mbili. Mafuta hufika yamepoa, nta hushikamana kwenye kuta, na maji kidogo yaliyomo hujitenga na kutuama kwenye mabonde ya bomba, ambako yanaweza kuganda kuwa barafu au kukila chuma. Dawa yake ni kutuma vifaa vya kukwangua mara nyingi zaidi na kuongeza joto njiani, na vituo vya pampu vilivyokuwa vikifanya kazi enzi za kilele vimebaki vinne. Kifaa cha kukwangua kisipotumwa kwa muda kisha kikatumwa ghafla, hukusanya nta mbele yake kama tingatinga na kuweza kuziba bomba zima. Hutumwa kidogo kidogo, kuanzia chenye sifongo laini.

Siku ya 3. Kondoa – Babati – Katesh – Singida

Siku ya kuendesha gari. Mlima Hanang uko kulia baada ya Babati na hauhitaji maelezo.

Jioni, ukingo wa Ziwa Singidani. Maji ya chumvi yakirudi nyuma msimu wa kiangazi huacha ganda jeupe kwenye mawe. Ukikwangua kwa kucha linatoka kama unga, lakini mahali lilipolowa na kukauka mara nyingi limekuwa gumu kama saruji. Sasa lifikirie ndani ya bomba la kisima lenye upana wa ngumi, kilomita mbili chini ya ardhi.

Uwanja mkongwe wa mafuta ukiutazama vizuri ni kiwanda cha maji ya chumvi ambacho hutoa mafuta pembeni. Maji yaliyodungwa kusukuma mafuta hatimaye hufika kisimani, na yakishapata njia hayaiachi. Kisima chenye uwezo wa kutoa mapipa 1,000 ya kimiminika kwa siku, maji yakiwa asilimia 80, hutoa mapipa 200 ya mafuta. Yakifika asilimia 95 hutoa 50, na asilimia 98 hutoa 20. Pampu inanyanyua mzigo ule ule mara zote tatu, na mitambo ya kutenganisha inapitisha ujazo ule ule. Kutoka 95 hadi 98 kunasikika kama hatua ndogo, kumbe ni zaidi ya nusu ya mapato.

Maji hayo huja na matatizo yake. Maji ya bahari yana salfeti, na maji ya mwambani mara nyingi yana bariamu. Vikikutana hutengeneza ganda ambalo asidi ya kawaida haiyeyushi. Linazuiwa kwa kudunga kemikali mapema, au kwa kuchuja salfeti kabla ya kudunga maji. Likishajengeka hukwanguliwa kwa chuma, na kisima husimama siku hizo zote. Pili ni bakteria wanaokula salfeti na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza kwa kiwango kidogo na isiyonuswa kabisa kwa kiwango cha kuua. Uwanja ulioanza bila gesi hiyo huweza kuipata uzeeni, na mabomba yaliyonunuliwa kwa mafuta “matamu”, yaani yasiyo na gesi hiyo, hayafai tena. Tatu, mchanga: presha ikishuka chembe za mwamba huachiana, hupanda na mafuta na kutafuna pampu.

Pampu ya umeme inayoshushwa ndani ya kisima inaweza kudumu mwaka mmoja au mitatu, kutegemea hayo yote. Kuitoa kunahitaji mtambo wa kukarabati visima. Kwa kisima kinachotoa mapipa 500 hilo halina mjadala. Kwa kinachotoa 20, pampu ikifa ndiyo huwa mwisho wa kisima. Hakuna anayetangaza, kinaandikwa tu kwamba “kimefungwa kwa muda”.

Siku ya 4. Singida mjini, kwenye mashine za alizeti

Hapa ukisema mafuta unaeleweka kuwa unazungumzia alizeti, na kwa somo la leo ni sawa kabisa.

Chukua kilo 100 za mbegu zenye mafuta asilimia 35. Mashine ndogo ya kukamua, ikiwa imekazwa vizuri na mbegu zina unyevu wa asilimia 6 hadi 8, itatoa kilo 25 za mafuta, lita 27 hivi. Kilo 75 zinazobaki ni mashudu, na ndani yake kuna kilo 10 za mafuta ambazo hazikutoka. Shika mashudu yakiwa ya moto na uyabane kiganjani: vidole vinabaki vinang'aa. Mbegu ikiwa mbichi hali huwa mbaya zaidi, kwani inateleza ndani ya skrubu na mafuta hutoka na matope.

Mashine hiyo imetoa asilimia 71 ya mafuta yaliyokuwemo. Uganda kwa miaka mingi ilitaja mapipa bilioni 6.5 yaliyomo ardhini na bilioni 1.4 yanayoweza kutolewa, yaani asilimia 21 na ushee. Mwenye mashine ya Singida angefukuza fundi kwa matokeo hayo. Lakini mwamba hausagwi wala haukazwi skrubu. Mafuta yamenaswa kwenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na maji yanayosukumwa hupita penye nafasi na kuyaacha penye ubishi.

Je, mashudu yakamuliwe mara ya pili? Yakipashwa mvuke kidogo na kurudishwa, hutoka kilo chache tena. Kiwandani, kwa kuyeyusha kwa kimiminika cha heksani, hubaki chini ya asilimia moja. Mwenye mashine anajua jibu bila darasa: anapiga hesabu ya dizeli, mshahara na uchakavu wa skrubu, anapiga bei ya mafuta, na anakumbuka kwamba mashudu yenye mafuta kidogo ndani yanapendwa na wafugaji. Bei ikiwa juu anarudisha, ikiwa chini anauza mashudu. Hakuna anayesema mafuta yameisha.

Sasa ipeleke hesabu hiyo kwenye uwanja wa mafuta wa mfano, namba zikiwa za kufundishia. Unazalisha mapipa 50,000 kwa siku na unashuka asilimia 12 kwa mwaka. Gharama zisizobadilika, kama mishahara, ulinzi, matengenezo na bima, ni dola milioni 200 kwa mwaka. Kila pipa linauzwa dola 60. Ondoa mrabaha asilimia 10, dola 6. Ondoa tozo ya bomba dola 12.50, si mbali na inayotajwa kwa bomba hili la Tanga. Ondoa kemikali na umeme dola 6. Kinabaki 35.50. Gawa milioni 200 kwa 35.50, unapata mapipa milioni 5.6 kwa mwaka, au 15,400 kwa siku. Chini ya hapo kila asubuhi ni hasara, na utafika hapo baada ya miaka tisa.

Shusha bei hadi dola 45. Mrabaha unakuwa 4.50, tozo na kemikali havipungui, kinabaki 22. Kikomo kinapanda hadi mapipa 24,900 kwa siku, na unafika huko baada ya miaka mitano na nusu. Mwamba ni ule ule na visima ni vile vile, lakini mapipa kama milioni 27 yamebaki chini kwa sababu ya kalamu.

Ukiitazama tena hesabu hiyo utaona pa kushika. Robo ya bei ikishuka, kinachobaki kwa pipa kinashuka zaidi ya theluthi moja. Mrabaha unaotozwa kwenye mauzo badala ya faida hufunga uwanja mapema, ndiyo maana nchi kadhaa huulegeza kwa nyanja za uzeeni. Kukata milioni 40 kwenye gharama zisizobadilika hurudisha kikomo chini kwa mapipa 3,000 ya kila siku bila kuchimba chochote. Wengi hukata matengenezo kwanza kwa kuwa hayalalamiki. Mwaka unaofuata mitambo husimama mara nyingi zaidi, na akiba yote inaondoka na siku zilizopotea.

Siku ya 5. Singida – Sekenke – ukingo wa Wembere

Barabara inateremka Sekenke kwa kona zake, na malori yanapanda kwa gia ya kwanza. Wajerumani walichimba dhahabu hapa, na sarafu za rupia 15 zilizopigwa Tabora mwaka 1916 zilitokana na dhahabu ya Sekenke. Mgodi wa zamani ulishafungwa, na wachimbaji wadogo wameendelea na mwamba ule ule. Hawana gharama za mgodi mkubwa, hivyo kikomo chao kiko chini zaidi.

Kwenye mafuta hufanyika vivyo hivyo kwa mikataba. Uwanja wa Forties, wa Bahari ya Kaskazini, ulianza kutoa mafuta mwaka 1975 na ukafika mapipa 500,000 kwa siku kabla ya muongo kwisha. Mwaka 2003 kampuni ya BP iliuuza kwa kampuni ya Apache, uzalishaji ukiwa umebaki karibu na moja ya kumi ya kilele. Mnunuzi alipima upya mwamba kwa mitetemo, akachimba kwenye mifuko ya mafuta iliyorukwa, akabadili mitambo ya umeme, na uzalishaji ukapanda kwa miaka kadhaa.

Tofauti kubwa na shimo la Sekenke ni namna ya kufunga. Kisima cha mafuta hakiachwi wazi. Kwanza kinajazwa tope zito ili kisipumue. Bomba la uzalishaji linatolewa. Saruji inawekwa mbele ya tabaka lenye mafuta, kwa kawaida kizibo cha mita 30 au zaidi cha saruji nzuri, na kingine juu yake. Kila kimoja kinajaribiwa kwa uzito na presha. Mwisho kichwa cha kisima kinakatwa chini ya usawa wa ardhi. Kinachoharibu bajeti ni saruji ya zamani iliyo nyuma ya bomba la nje. Ikiwa na nyufa gesi hupanda pembeni ya kizibo kipya, na inabidi chuma kisagwe mita kwa mita ndipo saruji iwekwe upya hadi kwenye mwamba. Kisima cha siku kumi kinakuwa cha miezi. Baharini kuna mitambo pia: sehemu ya juu ya mtambo wa Brent Delta wa Bahari ya Kaskazini, tani 24,200, ilinyanyuliwa kwa mkupuo mmoja na meli Pioneering Spirit mwaka 2017.

Gharama hiyo huja wakati hakuna tena mapato. Kwa hiyo fedha zake hutengwa uwanja ukiwa bado unalipa, na anayenunua uwanja mkongwe huuliza hilo kabla ya kuuliza idadi ya mapipa.

Kutoka juu ya Sekenke tambarare ya Wembere inaonekana hadi upeo wa macho. TPDC imekuwa ikitafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, na mkuza unapita Iramba na Igunga. Ugunduzi mdogo ambao peke yake usingelipia hata kilomita mia za bomba, unaweza kulipa kama kuna bomba lenye nafasi jirani. Na bomba lenye nafasi ndilo hasa uwanja mkongwe huacha. Lakini kuna saa inayohesabu: bomba linalopashwa joto kwa hasara halitasubiri miaka kumi ya utafiti. Ugunduzi wa kuunganishwa inabidi upatikane kabla mtiririko haujapungua sana.

Siku ya 6. Singida – Manyoni – Dodoma

Malori ya mafuta yanapishana kuanzia Manyoni, yakipeleka petroli na dizeli bara. Yamebeba mafuta yaliyosafishwa ng'ambo na kushushwa Dar es Salaam. Hayahusiani na mkuza.

Dodoma usiku taa zinawaka, na sehemu ya umeme wa gridi hutokana na gesi ya Songo Songo. Hiyo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004. Gesi haina hadithi ya maji na nta kwa kiwango cha mafuta. Uzee wake huonekana zaidi kwenye presha. Presha ya kisima ikishuka chini ya presha ya bomba gesi haitoki yenyewe, hivyo hufungwa kompresa ya kuinyonya na kuisukuma. Kompresa nayo hula sehemu ya gesi hiyo hiyo. Msoma mita anayetaka kujua umri wa Songo Songo aombe jedwali la presha ya vichwa vya visima, mwaka kwa mwaka, na mbele yake kiasi cha gesi kilichoteketea kwenye kompresa.